Kuacha dawa ya sonona kwa usalama wakati mishipa ya fahamu bado inauma

Na Mwandishi Wetu

CHUKUA mfano wa mama mwenye kisukari anayeishi mjini. Kila usiku nyayo zake zinawaka moto kama aliyekanyaga makaa, na shuka likigusa vidole anaruka. Anakwenda hospitali na kurudi na bahasha ya vidonge vidogo vya kumeza kabla ya kulala. Baada ya wiki chache usingizi unarejea na moto wa miguuni unapungua.

Siku moja ndugu yake anasoma jina lililoandikwa kwenye bahasha na kumwuliza kwa mshangao, kwa nini anameza dawa za wagonjwa wa akili. Kwa aibu, vidonge vinatupwa jalalani siku ile ile. Siku ya tatu kichwa kinamzunguka, jasho linamtoka, tumbo linachafuka, usingizi hauji, na maumivu yamerudi kwa kishindo. Anaamini ugonjwa umezidi. Wengine katika hali hiyo hukimbilia vidonge vikali vya maumivu vinavyouzwa kiholela, na hapo huwa wameruka majivu na kukanyaga moto.

Mfano huo si wa mtu mmoja. Dawa zilizobuniwa kutibu sonona ni miongoni mwa tiba kuu za maumivu ya mishipa ya fahamu duniani kote, na wapo wanaozitumia bila kuelezwa kwa nini wamepewa, zitumike kwa muda gani na ziachwe vipi. Makala haya yanaeleza njia salama ya kuziacha, na namna ya kuyadhibiti maumivu wakati dawa inapungua mwilini.

Kwa nini dawa ya sonona hutolewa kwa maumivu?

Maumivu ya mishipa ya fahamu ni tofauti na maumivu ya jeraha au ya jino. Katika jeraha, mishipa iliyo mzima hupeleka taarifa kwamba kuna kiungo kilichoumia. Katika maumivu haya, mishipa yenyewe ndiyo iliyoumia, hivyo hutuma taarifa za uongo. Mgonjwa husikia kuwaka moto, kuchomwa sindano, kupigwa shoti ya umeme, ganzi au wadudu wanaotembea chini ya ngozi, ilhali mguu ukitazamwa hauna kidonda.

Chanzo huwa ni kisukari cha muda mrefu, mkanda wa jeshi, VVU, ukoma, ulevi wa kupindukia, upungufu wa vitamini B12, au mshipa uliobanwa mgongoni. Dawa nyingine pia huumiza mishipa. Stavudini, dawa ya VVU iliyotumika sana barani Afrika katika miaka ya 2000 kabla ya kuondolewa, iliwaachia wagonjwa wengi ganzi na maumivu ya miguu ambayo baadhi yao wanayo hadi leo. Isoniazidi ya kifua kikuu nayo huweza kuleta hali hiyo, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6.

Dawa za kawaida za maumivu kama parasetamoli na diklofenaki hazifanyi kazi kubwa kwa maumivu ya aina hii. Ndipo dawa za sonona zinapoingia. Ubongo una njia zake za kuzuia taarifa za maumivu zisipande kutoka uti wa mgongo, na njia hizo hutumia kemikali mbili ziitwazo serotonini na noradrenalini. Dawa hizi huongeza kemikali hizo, hivyo breki ya maumivu hukaza zaidi. Hufanya hivyo hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua sonona.

Historia yake ni ndefu. Daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza mwaka 1957 kwamba imipramini iliwasaidia wagonjwa wake wa sonona. Miaka michache tu baadaye madaktari wa Ufaransa waliripoti kuwa dawa hiyo hiyo ilipunguza maumivu. Amitriptilini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1961, na duloksetini iliidhinishwa huko mwaka 2004 kwa sonona na kwa maumivu ya mishipa yatokanayo na kisukari.

Amitriptilini ndiyo inayojulikana zaidi katika hospitali za Afrika Mashariki kwa kuwa ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa maumivu, dozi yake huanza na miligramu 10 hadi 25 usiku na mara nyingi haizidi 75. Kwa sonona, dozi huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo, kumezeshwa amitriptilini si ushahidi kwamba daktari amekuona una ugonjwa wa akili. Na hata angekuona hivyo, hakuna aibu yoyote.

Sababu halali za kuacha

Kutaka kuacha dawa si kosa. Zipo sababu ambazo daktari mwenyewe atazikubali.

Kwanza, maumivu yamekwisha. Maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwa mfano, hupungua kwa wagonjwa wengi kadiri miezi inavyopita. Mtu aliyekaa miezi kadhaa bila maumivu ana haki ya kuuliza kama dawa bado inahitajika.

Pili, dawa haijasaidia. Iwapo mgonjwa ametumia dozi ya kutosha kwa wiki 6 hadi 8 bila nafuu, hakuna faida ya kuendelea kubeba madhara yake. Majaribio mawili yaliyochapishwa nchini Marekani mwaka 1998 yalionyesha kuwa amitriptilini haikuzidi kidonge kisicho na dawa katika kutuliza maumivu ya mishipa yanayoambatana na VVU. Kwa kisukari hali ni tofauti. Utafiti ulioongozwa kutoka Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa amitriptilini, duloksetini na pregabalini zilitoa nafuu inayolingana.

Tatu, madhara. Amitriptilini huleta mdomo mkavu, kufunga choo, usingizi wa mchana, kuongezeka uzito, ukungu machoni na shida ya kukojoa, hasa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka. Kwa wenye ugonjwa wa moyo huweza kuvuruga mapigo. Duloksetini huleta kichefuchefu na inaweza kupandisha shinikizo la damu.

Nne, ujauzito au mpango wa kupata ujauzito. Hapa onyo ni moja: mama asiache ghafla siku anapogundua ana mimba. Aende kliniki kwanza, kwani kuacha kwa mkupuo kunaweza kumdhuru kuliko dawa yenyewe.

Sababu zisizo halali ni maneno ya majirani, ahadi ya mponyaji kwamba dawa za hospitali lazima zitupwe kwanza, na imani kwamba mtu akipata nafuu amepona. Mara nyingine nafuu hiyo inaletwa na kidonge chenyewe.

Mwili hufanya nini dawa ikikatwa?

Mwili wa binadamu huzoea kilicho ndani yake. Mtu akitumia dawa hizi kwa wiki nyingi, ubongo hujipanga upya kulingana na kiwango cha kemikali kilichopo. Dawa ikiondolewa ghafla, ubongo hubaki na mpangilio wa zamani bila dawa iliyousababisha. Huhitaji muda kujirekebisha, na katika muda huo dalili hujitokeza.

Hali hii si uraibu kama wa heroini au pombe. Mgonjwa hana hamu ya kulewa wala haongezi dozi kutafuta raha. Hata hivyo, dalili zake ni za kweli na wala si deko.

Dalili za kawaida ni kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mafua yasiyo mafua, kukosa usingizi, ndoto za kutisha, hasira za karibu, wasiwasi, kulia bila sababu, na mishtuko mifupi kama ya umeme kichwani, hasa mtu anapozungusha macho. Kwa amitriptilini na jamii yake, matumbo huweza kuvurugika, mtu akatapika na kuharisha, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa ikiyatuliza.

Je, ni wangapi hupatwa na hali hiyo? Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliojumuisha tafiti 79 na washiriki zaidi ya 20,000, ulibaini kuwa takriban asilimia 31 ya walioacha dawa za sonona walipata angalau dalili moja. Lakini miongoni mwa walioacha vidonge visivyo na dawa yoyote, asilimia 17 nao walipata dalili. Waandishi walikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 au 7 hupata dalili zinazotokana na dawa yenyewe, na mtu 1 kati ya 35 hupata dalili kali.

Wakosoaji walieleza kuwa washiriki wengi walikuwa wametumia dawa kwa muda mfupi, hivyo kwa watumiaji wa miaka mingi idadi huenda ikawa kubwa zaidi. Vyovyote iwavyo, mambo mawili hayana ubishi: wengi huacha bila taabu kubwa, na wachache huteseka sana. Hakuna anayeweza kujua mapema yupo kundi gani, na kwa sababu hiyo kila mmoja hushauriwa kwenda polepole.

Dawa hazifanani

Kasi ya dawa kutoka mwilini huchangia ukali wa dalili. Venlafaksini hutoka haraka mno. Nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa 5 hivi, na mtu aliyesahau dozi moja anaweza kusikia kizunguzungu siku ile ile. Paroksetini nayo inajulikana kwa usumbufu wakati wa kuachwa. Duloksetini, ambayo nusu yake huondoka kwa takriban saa 12, huhitaji tahadhari hiyo hiyo.

Fluoksetini ni kinyume chake. Hukaa mwilini siku nyingi na hujipunguza yenyewe taratibu, ingawa dalili zinaweza kuchelewa kuonekana. Lakini fluoksetini si dawa ya kutegemewa kwa maumivu ya mishipa.

Amitriptilini iko katikati. Huondoka kwa siku kadhaa, na dalili nyingi huanza ndani ya wiki moja baada ya kuacha.

Kanuni ya kushuka ngazi

Mwongozo wa dawa unaotumiwa na madaktari wa Uingereza unaonya kuwa hatari huongezeka kwa aliyetumia dawa mfululizo kwa wiki 8 au zaidi, na unashauri dozi ipunguzwe kwa takriban wiki 4, au zaidi iwapo dalili zitatokea. Kwa waliotumia miaka mingi, miezi kadhaa si muda mrefu.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza jambo ambalo wengi hawakulijua. Mwaka 2019 madaktari Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika Lancet Psychiatry kuwa uhusiano wa dozi na nguvu yake ubongoni haufuati mstari ulionyooka. Dozi ndogo hushika sehemu kubwa ya kazi ya dawa, na miligramu zinazoongezwa juu yake huongeza kidogo tu.

Maana yake kwa mgonjwa ni hii: kushuka kutoka dozi kubwa hadi ya kati huwa rahisi, lakini kushuka kutoka dozi ndogo hadi sifuri ni sawa na kuruka kutoka ngazi ya juu hadi sakafuni. Kwa hiyo, hatua zinapaswa kuwa ndogo zaidi kadiri mwisho unavyokaribia. Miongozo ya kitaifa ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2022 ilikubali kanuni hiyo.

Mfano wa ratiba ambayo daktari anaweza kumpangia mtu anayetumia miligramu 50 za amitriptilini kila usiku kwa miaka 2, kwa vidonge vya miligramu 25, ni huu:

Wiki ya 1 hadi ya 4: kidonge kimoja na nusu kila usiku.

Wiki ya 5 hadi ya 8: kidonge kimoja kila usiku.

Wiki ya 9 hadi ya 12: nusu kidonge kila usiku.

Baada ya hapo: kuacha, au pale vidonge vya miligramu 10 vinapopatikana, kushuka hadi miligramu 10 kwa wiki chache kabla ya kuacha.

Huo ni mfano, si cheti cha dawa. Anayetumia miligramu 10 kwa mwezi mmoja hahitaji miezi 3, na anayetumia 150 kwa miaka 10 anahitaji zaidi. Kinachobaki kwa wote ni utaratibu: punguza, subiri mwili utulie, kisha punguza tena. Dalili zikizidi, mgonjwa hurudi kwenye dozi ya mwisho aliyokuwa ametulia nayo kwa ushauri wa daktari, anakaa hapo, kisha anashuka kwa hatua ndogo zaidi. Kurudi nyuma hatua moja si kushindwa.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kumeza siku moja na kuruka siku inayofuata. Wengi hudhani huko ndiko kupunguza. Kwa dawa zinazotoka haraka kama venlafaksini na duloksetini, njia hiyo huufanya mwili upande na kushuka kila siku, na ni sawa na kuacha ghafla mara nyingi mfululizo. Dozi ndogo ya kila siku ni bora kuliko dozi kubwa ya siku mojamoja.

Kosa la pili ni kukata au kusaga kila kidonge. Duloksetini iko ndani ya kapsuli zenye chembe zilizofunikwa ili zisiharibiwe na tindikali ya tumbo; chembe hizo hazisagwi wala kutafunwa. Vidonge vilivyotengenezwa kuachia dawa polepole navyo havikatwi ovyo. Mwulize mfamasia kuhusu chapa uliyonayo kabla ya kuchukua wembe.

Kosa la tatu ni kuishiwa. Kuna anayeacha ghafla bila kukusudia, kwa sababu dawa zimekwisha zahanati, au amesafiri kijijini kwa msiba au sikukuu na kusahau vidonge mjini. Ni vema kufuata dawa mpya kabla akiba ya wiki moja haijaisha, na kuweka za safari kwenye begi la mkononi. Ukikosa dozi moja, usimeze mbili siku inayofuata. Ukiwa umeacha kwa siku nyingi, usirudi kwenye dozi kubwa ya awali bila kumwona daktari.

Kosa la nne ni kubadili mambo mengi kwa wakati mmoja. Anayepunguza dawa ya sonona, akabadili dawa ya kisukari na kuacha sigara wiki hiyo hiyo, hatajua kipi kimemletea nini.

Ni dawa inayotoka, au maumivu yanarudi?

Hili ndilo swali gumu kwa mgonjwa wa mishipa ya fahamu, kwa kuwa shoti za umeme zinaweza kutoka pande zote mbili. Vipo vigezo vitatu vya kusaidia.

Wakati. Dalili za kuacha dawa huanza ndani ya siku chache baada ya kupunguza, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Maumivu ya asili mara nyingi hurudi taratibu kadiri kinga ya dawa inavyoondoka, na hayapungui bali huendelea au kukua.

Mahali. Maumivu ya asili hurudi pale pale yalipokuwa: nyayo zote mbili kwa mwenye kisukari, upande mmoja wa mbavu kwa aliyeugua mkanda wa jeshi, nyuma ya paja hadi mguuni kwa aliyebanwa mshipa mgongoni. Mishtuko ya kuacha dawa hutokea zaidi kichwani, na huja na kizunguzungu, kichefuchefu na ndoto za ajabu, mambo ambayo mguu wenye ganzi hauwezi kuleta.

Jibu la mwili. Dozi ya awali ikirejeshwa, dalili za kuacha dawa mara nyingi hutoweka ndani ya siku chache. Maumivu ya mishipa huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Kwa sababu hiyo, daftari dogo ni msaada mkubwa. Kila jioni andika dozi, kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10, saa ulizolala, na dalili yoyote mpya. Anza wiki 2 kabla ya kupunguza ili uwe na kipimo cha kulinganisha. Daktari mwenye dakika 10 za kukuona ataelewa mengi kutoka kwenye ukurasa mmoja wa daftari hilo.

Aliyewahi kuugua sonona ana jambo la tatu la kuchunga, yaani kurejea kwa ugonjwa wenyewe. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu 478 waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu na kujisikia vizuri, ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja sonona ilirudi kwa asilimia 56 ya walioacha, ikilinganishwa na asilimia 39 ya walioendelea. Mtu wa aina hiyo asiache kabla hajazungumza na daktari wa magonjwa ya akili, hata kama dawa aliandikiwa kwa ajili ya miguu.

Kuyadhibiti maumivu wakati wa kushuka

Mpango wa maumivu unapaswa kuwepo kabla ya kidonge cha kwanza kukatwa. Mara nyingi daktari huanza dawa mbadala kwa dozi ndogo, huipandisha wakati ile ya kwanza inashuka, na hufuatilia kipindi ambacho zote mbili zipo mwilini.

Gabapentini na pregabalini ndizo mbadala unaotumika sana. Nazo zina masharti yake: huleta usingizi na kizunguzungu, dozi yake lazima ipunguzwe kwa mwenye ugonjwa wa figo, na haziachwi ghafla. Zikichanganywa na pombe au dawa za jamii ya morfini huweza kudhoofisha upumuaji. Uingereza iliziweka chini ya udhibiti maalumu mwaka 2019 kutokana na watu kuzitumia vibaya.

Karbamazepini ni dawa kuu kwa maumivu makali ya mshipa wa uso, lakini hupunguza nguvu ya dawa nyingi, ikiwemo dolutegravir ya VVU. Mgonjwa anayetumia ARV lazima amweleze daktari kabla ya kuianza.

Tramadoli ndiyo yenye mtego mkubwa. Ikichanganywa na dawa za sonona huongeza hatari ya degedege, na huweza kuleta sumu ya serotonini, ambayo dalili zake ni homa, kutetemeka, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Aidha, ni rahisi kuizoea. Anayeacha dawa moja asijifunge kwenye nyingine iliyo ngumu zaidi kuachika.

Zipo pia tiba za kupaka. Krimu ya kapsaisini hutengenezwa kwa kiini kile kile kinachoifanya pilipili iwashe, na hupunguza uwezo wa ncha za mishipa kupeleka maumivu. Hupakwa kwenye ngozi isiyo na kidonda, na mikono huoshwa vizuri kabla ya kugusa macho. Kusaga pilipili nyumbani na kujipaka si mbadala wake, kwa kuwa kipimo hakijulikani na ngozi inaweza kuungua.

Zaidi ya dawa, chanzo kitibiwe. Sukari idhibitiwe. Anayetumia metformini kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza na kusababisha ganzi inayodhaniwa kuwa ni ya kisukari. Pombe ipunguzwe au iachwe. Kutembea kila siku na mazoezi ya viungo husaidia maumivu, usingizi na moyo wa mgonjwa kwa pamoja.

Tahadhari moja kwa wenye kisukari: desturi ya kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi ni ya hatari. Mguu wenye ganzi hausikii joto, na wapo wanaoungua bila kujua hadi wanapoona malengelenge. Kagua nyayo kila jioni na vaa viatu hata ndani ya nyumba.

Usingizi nao unahitaji mpango wake. Amitriptilini humlaza mtu, hivyo usiku wa kwanza baada ya kupunguza unaweza kuwa mrefu. Acha chai na kahawa kuanzia mchana, lala na kuamka saa zile zile, na usihukumu mpango mzima kwa usiku mmoja mbaya.

Wakati usiofaa kuanza

Usianze kupunguza wiki ya msiba, ya mitihani, ya kuhama nyumba au ya kupoteza kazi. Usianze pia wakati maumivu yamepamba moto. Chagua kipindi chenye utulivu, na mweleze angalau mtu mmoja nyumbani. Mara nyingi mwenzi ndiye anayeona hasira na machozi kabla ya mgonjwa mwenyewe. Akijua sababu, atasema pole badala ya kugombana.

Dereva wa bodaboda, daladala au lori, na anayefanya kazi juu ya ngazi au na mashine, apunguze wakati ana nafasi ya kupumzika siku chache, kwa sababu ya kizunguzungu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usisubiri miadi iwapo utapata mawazo ya kujiua au kujidhuru, degedege, kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, homa kali yenye kukakamaa na kuchanganyikiwa, au uchangamfu uliopita kiasi, mtu asilale siku kadhaa na kuongea bila kikomo. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kudhibiti haja ni dharura. Macho kuwa ya njano kwa anayetumia duloksetini kunahitaji vipimo vya ini haraka. Katika baadhi ya hali hizi daktari anaweza kuamuru dawa ikatwe mara moja, lakini hilo hufanyika chini ya uangalizi.

Vidonge vilivyobaki visiachwe kabatini. Amitriptilini ikizidi kipimo husimamisha moyo, na vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto mdogo. Virudishwe famasia au hospitali.

Maswali ya kumwuliza daktari

Nenda na dawa zako zote, pamoja na za kienyeji, na uulize: Nilipewa dawa hii kwa maumivu, kwa sonona au kwa vyote viwili? Nimeitumia muda wa kutosha? Nishuke kwa hatua gani, na kila hatua iwe ya wiki ngapi? Maumivu yakirudi nitumie nini? Nikizidiwa katikati ya mwezi nimwone nani?

Wapo watakaofika kwenye ngazi ya mwisho na kuishi bila kidonge. Wapo watakaogundua kuwa nusu kidonge usiku ndicho kinachowawezesha kutembea hadi kituo cha basi asubuhi, na wakaamua kukaa hapo. Uamuzi wote wawili ni sahihi, mradi umefanywa kwa kupima faida na madhara, si kwa aibu wala kwa maneno ya watu. Yule mama wa kisukari angeulizwa leo, huenda angesema kosa lake halikuwa kutaka kuacha, bali kuacha kwa siku moja kile ambacho mwili wake ulichukua miezi kukizoea.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekutibu.